Siku ya Kuuzima Mvinyo

Ngumi ya kwanza ilimpata Fundi kwenye taya, naye alikuwa bado ameshika kofia mkononi kwa heshima ya wakubwa. Ya pili ilimpata tumboni, akajikunja. Ya tatu hakuna aliyeiona vizuri, maana hapo Shangazi alikuwa ameshapiga ukelele uliowarusha njiwa wote juu ya paa la ghala.

"Chuma! Utaua mtu, Chuma!"

"Ndiyo nia yangu, Shangazi. Kaa mbali!"

Pua alikuwa juu ya ngazi, ameinamia tangi kubwa, kipimo cha sukari mkononi. Jina lake la kuzaliwa liliishi kwenye vyeti tu. Ghala zima lilimwita Pua, kwa kuwa ungeweza kumfunga macho, ukampa glasi anuse, naye akakuambia mvinyo umetoka pipa gani, safu gani, na nani aliyesahau kuliosha pipa hilo. Lakini siku hiyo pua haikumfaa kitu. Hakuinusa balaa mpaka ilipofika mlangoni imevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

Na balaa ilichagua siku! Mwaka mzima ghala lile halikuwa na siku nyingine ya roho juu kama hiyo, siku ya kuuzima mvinyo. Maji ya zabibu yalikuwa yamechacha siku mbili na nusu, yakitokota bila moto, povu jekundu likipanda na kushuka. Chachu ilikuwa inakula sukari. Ukiiacha itaila yote, ubaki na mvinyo mkavu kama wa jirani yeyote. Wao hawakutengeneza huo. Wao walingoja sukari ifike nusu, kisha wakamwaga humo spiriti ya zabibu, ndoo moja kwa kila ndoo nne. Chachu ikafa papo hapo, na utamu uliosalia ukabaki miaka na miaka, umeoana na ukali unaokwaruza koo. Ukiwahi kumwaga, umepata sharubati ya kulevya. Ukichelewa, utamu umekwenda, na ukishakwenda hakuna wa kuurudisha. Pua ndiye aliyesema "sasa". Asubuhi hiyo alikuwa amekadiria kuwa bado saa moja hivi.

Ndipo Fundi alipoingia kumposa Pua.

Ushauri ulikuwa wa Shangazi. Ndiye aliyemwambia, "Njoo siku ya mavuno, mwanangu. Kaka yangu siku hiyo hata mbuzi akija kuposa anakaribishwa chai." Na kweli, baba yake Pua, mwenye ghala, alimpokea kwa tabasamu. Alikuwa amesimama kando ya mapipa ya spiriti, aproni ya ngozi kifuani, mvi zimemjaa povu jekundu.

"Kumbe ni wewe!" Baba alisema. "Mikono yako naijua, miaka miwili sasa hakuna pipa linalovuja humu. Ukoo wako ndio siujui. Hebu niambie, wewe ni mtoto wa nani?"

Fundi angeweza kudanganya. Alimtazama Pua kule juu ya ngazi, kisha akamtazama mzee.

"Mzee, mimi ni mtoto wa yule fundi mapipa aliyejenga jukwaa lililoanguka humu ghalani. Miaka kumi na minane iliyopita."

Tabasamu la Baba liliganda. Na Chuma, kaka yake Pua, aliyekuwa akisukuma pipa tupu kuelekea tangini, aliliachia pipa lile likabingirika peke yake, akaja na ngumi.

Jukwaa hilo ndilo lililomuua kifungua mimba wa nyumba ile. Mapipa yaliyojaa yaliporomoka juu yake asubuhi moja akiwa na miaka kumi na tisa, na Chuma, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama mlangoni akiangalia. Pua alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, miaka minne. Mama yao alimfuata mwanawe kabla miaka miwili haijaisha. Tangu hapo jina la yule fundi wa zamani halikutamkwa mezani, na likitamkwa kwa bahati mbaya, Chuma aliondoka na sahani yake.

"Simama!" Chuma alikuwa amemshika Fundi ukosi wa lile shati jeupe, amembana kwenye nguzo. "Simama kama mwanamume! Mbona hurudishi?"

"Sirudishi," Fundi alisema. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni. "Piga. Una haki."

"Nina haki?"

"Baba yangu alikuulia kaka yako. Una haki."

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Hasira ya Chuma ilikuwa imejiandaa kwa ukuta, ikakuta mlango uko wazi, ikaingia na kuvunja kila kitu. Alimgonga Fundi kisogo kwenye nguzo mara mbili. Pua alikuwa ameshashuka ngazi, nusu kwa miguu, nusu kwa kuanguka.

"Kaka, mwache! Nakuomba, mwache!"

Chuma aligeuza shingo tu. "Na wewe ulijua? Nijibu. Ulijua ni mtoto wa nani?"

Tangi liliendelea kuchemka nyuma yao.

"Nilijua," Pua alisema. "Mwaka mzima sasa."

Alikuwa amejua tangu ile siku ya darini. Walikuwa na mvinyo mmoja ambao hawakuuweka chini kwenye baridi, bali juu kabisa, chini ya mabati, upikwe na jua miaka kwa miaka mpaka unuke karameli na ganda la chungwa. Fundi alipanda huko kukaza pete za chuma zinazofunga mapipa, Pua akapanda kuonja. Joto lilikuwa la kumtoa nyoka pangoni. Mapenzi yao wakati huo yalikuwa bado hayajatamkwa. Yalikuwa ya kupeana upawa na vidole kuchelewa kuachana.

"Nifundishe," Fundi alikuwa amemwambia. "Mapipa nayajua kwa nje. Ya ndani siyajui."

Basi Pua akamfundisha. Alimchotea mwekundu wa kwenye mapipa makubwa, ule usioguswa na hewa, ukabaki na rangi ya damu na ladha ya matunda. "Huu ni kijana," alimwambia. "Kelele nyingi, moyo safi." Akamchotea wa kwenye mapipa madogo, ambao hewa huuingia kidogo kidogo kupitia mbao, ukafifia ukawa wa hudhurungi na kunuka korosho za kukaanga. "Huu ni mtu mzima. Umepoteza rangi, umepata maneno." Kisha ule mweupe mkavu, unaolala chini ya utando wa chachu kama maziwa yaliyogandiwa na malai, usioguswa wala kutikiswa. "Na huu?" Fundi aliuliza. "Huu ni Shangazi," Pua alijibu. "Mkavu, na ukiugusa vibaya unakuchachia." Walicheka mpaka wakakaa chini.

Kicheko kilipoisha, Fundi hakuinua macho. Alimwambia yote. Kwamba alipoingia ghala lile kuomba kazi hakuja kwa bahati. Baba yake alikufa hana kazi na hana jina, na yeye akaapa kwamba atajifunza ufundi uleule, aje palepale, akague kila jukwaa na kila ubao, mpaka pasiwepo kitu kinachoweza kumwangukia mtoto wa mtu. "Sikuja kupenda," alisema. "Nilikuja kulipa dhambi ya mzee wangu. Wewe umenikuta njiani." Pua alilia, kisha akambusu pale pale, jasho kwa jasho. Na tangu siku hiyo akaibeba siri kama mtu anayebeba kaa la moto mkononi, akibadilisha mkono tu.

Sasa kaa lilikuwa limeanguka majanini.

"Mwaka mzima!" Chuma alisema taratibu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ndiyo iliyomtisha Pua zaidi. "Unakaa meza moja na mimi, unanipakulia chakula, kumbe umelala na damu ya aliyemuua kaka yetu."

"Usimtukane dada yako," Fundi alisema.

Chuma alinyoosha mkono ukutani, palipotundikwa nyundo ya mbao ya kukazia pete. Aliizungusha. Fundi aliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa, na nyundo ikamshukia chini ya kiwiko. Mfupa ulilia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, hata Baba kule kwenye spiriti, hata Shangazi aliyekuwa na mikono masikioni.

Fundi alipiga magoti. Pua alinyakua upawa mrefu wa shaba akamrukia kaka yake, akampiga mgongoni, akampiga begani, akampiga popote. Chuma alimsukuma bila kumtazama, kama mtu anayejitoa utando wa buibui. Pua aliruka hatua tatu nyuma, akagonga uso kwenye pete ya pipa. Nyusi ilichanika. Damu ilimziba jicho.

Hapo ndipo Fundi aliposimama.

Hakupiga kelele. Alisimama na mkono mmoja ukining'inia kama mkono wa koti, na kwa ule mwingine, mkono uliokunja pete za chuma miaka yote ya ufundi wake, akamkamata Chuma koo, akamsukuma nyuma mpaka mgongo ukakutana na mapipa.

"Mimi nipige mpaka uchoke," alisema, na mate ya damu yakamrukia Chuma usoni. "Nivunje na huu mwingine. Lakini huyu, ukimgusa tena, haki yako imeishia hapo."

Chuma alikuwa anakosa pumzi. Mkono wake ulipapasa kando, ukakuta ndoo. Ilikuwa ndoo ya spiriti, imejaa, imewekwa tayari kwa kuzimia mvinyo. Aliinyanyua akammwagia Fundi yote, kichwani mpaka miguuni. Fundi aliachia koo. Macho yalikuwa yanamuungua, midomo iliyopasuka inamuungua, alikuwa anayumba huku akikohoa. Harufu ilijaa ghala, ile harufu inayokata pua kama wembe.

Na Chuma akatoa kiberiti mfukoni.

Alikuwa nacho kwa sababu ya kazi. Yeye ndiye aliyechoma tambi za salfa ndani ya mapipa matupu kuua ukungu kabla hayajajazwa. Siku ya kuuzima mvinyo kiberiti hakikuruhusiwa kabisa kuvuka kizingiti, na hakuna aliyekuwa amempekua.

"Chuma," Shangazi alisema. Sasa alinong'ona. "Mwanangu. Tutaungua wote."

"Tokeni nje basi."

"Kaka." Pua alikuwa ameinuka. Alitembea mpaka katikati yao, akamgeuzia kaka yake mgongo, akamkumbatia Fundi na ule ubichi wake wote, mpaka spiriti ikamlowesha gauni na kumchoma kwenye jeraha la nyusi. "Washa."

"Toka hapo, Pua!" Fundi alijaribu kumsukuma kwa mkono mmoja. "Toka, mpenzi wangu, nakuomba, toka."

"Sitoki. Kaka, washa. Ulipoteza mmoja, poteza na wa pili. Ukimaliza utuambie kama hasira imekupoa."

Chuma alitoa njiti. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kujua. "Nilimwona," alisema. "Ninyi hamkumwona. Nilikuwa mlangoni. Aliniita. Pipa lilikuwa kifuani kwake, akaniita jina langu, na mimi sikuweza kulisukuma. Nilikuwa mdogo. Sikuweza." Aliigusisha njiti kwenye ubavu wa kiberiti. "Mtu lazima ajibu kwa hilo."

"Mimi."

Aliyesema alikuwa Baba.

Alikuwa amevua aproni. Haikueleweka kwa nini. Labda alitaka kusimama bila kitu mbele yake. Alikuja polepole, mikono wazi, kama mtu anayemwendea farasi aliyeshtuka.

"Mimi ndiye wa kujibu, Chuma. Yule fundi alijenga jukwaa la safu tatu. Ule mwaka zabibu zilikuwa nzuri ajabu, mvinyo ukazidi mapipa, mapipa yakazidi nafasi. Nikamwambia tupandishe safu ya nne. Akakataa. Akaniambia mbele ya shangazi yako hapa, akasema, 'Bwana, ukiongeza safu ya nne, jukwaa hili halikuahidi kitu.' Akafunga vyombo vyake akaenda kwake."

"Jioni ile nilipandisha mimi. Ili mapipa yakae karibu karibu, nikang'oa kabari zilizoyazuia ya safu ya chini yasibingirike. Kwa mkono wangu. Nne. Kesho yake nikamtuma kaka yako akanichotee niuonje."

"Unasema uongo," Chuma alisema. "Unamwokoa huyu. Unasema uongo."

Baba alimtazama dada yake. Na Shangazi, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu ameota meno, alikaa chini sakafuni palepale, akajifunika uso na khanga.

"Aliniapisha," alisema ndani ya kitambaa. "Alisema mkewe akijua atakufa. Na mkewe alikufa bila kujua, na bado tukanyamaza. Mungu anisamehe, bado tukanyamaza."

Kiberiti kilidondoka. Pua alikikanyaga kwa kisigino akakisukumia kwenye mtaro wa maji, njiti na boksi na vyote.

Chuma alimrukia baba yake. Alimshika mashati, akamwinua mpaka vidole vya miguu vikagusa sakafu kwa taabu, akamvuta uso kwa uso. Pua alifumba jicho lake zima. Lakini pigo halikuja. Mkono wa Chuma ulikuwa hewani, umekunjwa, na haukuweza kushuka juu ya mvi zile. Alimwachia mzee akaanguka, akaokota nyundo.

Kulikuwa na mapipa sita ya mvinyo wa mwaka ule. Yalikuwa yamekaa ukutani miaka kumi na minane yakizeeka, yakiwa fahari ya ghala, na Baba alikuwa hamruhusu mtu kuyachota ila yeye. Chuma alianza na la kwanza. Alilipiga usoni mpaka ubao ukaingia ndani, mvinyo ukaruka nje kama mshipa uliokatwa. Akaenda la pili. La tatu. Mvinyo wa hudhurungi ulitapakaa sakafuni, ukawafika magotini wale waliokuwa wamekaa chini, na harufu yake ilikuwa nzuri kiasi cha kumtia mtu uchungu. Alipofika la sita nyundo ilikatika mpini. Alilimaliza kwa mabega. Kisha akakaa ndani ya dimbwi lile, mtu mzima wa miaka thelathini, akalia kama mtoto aliyesimama mlangoni. Shangazi alitambaa kwa magoti, akakilaza kichwa cha Chuma mapajani mwake.

Fundi alikuwa hajasogea. Pua aligusa shavu lake, akaona hamwoni.

"Baba yangu alikuwa na homa kali siku ile," Fundi alisema. Alikuwa anamwambia mtu asiyekuwepo. "Kitandani. Akaniita, akasema, 'Mwanangu, mimi sikukosea. Wewe tu uniamini.' Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa napigwa shuleni kwa ajili yake. Nikamwambia, 'Baba, walau kufa kama mwanamume, kubali kosa lako.'" Alifuta damu mdomoni. "Akageukia ukutani. Hakuniambia lingine mpaka akafa."

"Mpenzi..."

"Usinishike."

Alimtazama mzee aliyelala kwenye mvinyo. Kwa mara ya kwanza siku ile Pua aliona kifo machoni mwa mtu anayempenda. Fundi aliokota kichwa cha nyundo, kile kipande kilichobaki, akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Baba hakujikinga, aliinua kidevu. Na Pua, ambaye dakika chache nyuma alijitupa kati ya kiberiti na mpenzi wake, safari hii hakusogea. Alijiuliza baadaye kwa siku nyingi kwa nini hakusogea.

Fundi alikitupa kile kipande ukutani, kikarudi na kuzunguka sakafuni. Akatoka nje kwenye jua, mkono wake umeukumbatia mwingine, akiacha nyayo za mvinyo.

Wakati huo povu kwenye tangi lilikuwa limeanza kutulia. Pua alilisikia kabla ya kuliona. Sukari ilikuwa imepita nusu, inashuka. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa inakwenda, na spiriti ilikuwa pale pale, hatua kumi.

"Pua," Baba alisema. Alikuwa ameinuka kwa kushika ukuta. Mazoea ni kitu cha ajabu. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ndoo nyingine ya spiriti. "Mwanangu, tuuzime kwanza. Robo saa tu. Kisha nitafanya lolote utakalo."

"Iache hiyo ndoo."

"Ni mavuno yote, binti yangu."

"Miaka kumi na minane umekuwa na kazi ya kumaliza kwanza, Baba." Alijifuta damu kwa kiganja. "Mama yake yuko hai. Anakaa mtaa wa nyuma ya karakana za mapipa, nyumba ya mlango wa kijani. Utaenda kwa miguu yako, sasa hivi, ukamwambie ulilotuambia. La sivyo kaa na mvinyo wako, na mimi sitakuwa mwanao."

Baba alitazama tangi. Alitazama ndoo. Shingo yake ilikuwa imejaa mishipa. Kisha aliiweka ndoo chini, taratibu, pasimwagike hata tone, na akamfuata binti yake nje.

Watu wa karakana waliacha misumeno wakaangalia: mzee mwenye ghala amelowa mvinyo mpaka kifuani, na binti yake uso nusu umekuwa mwekundu, wanapita mchana kweupe kama watu waliotoka kuzikwa.

Mlango wa kijani ulikuwa wazi. Ndani, cherehani ilikuwa imesukumwa kando, na Fundi alikuwa amekaa juu ya sanduku, kifua wazi, amefungiwa shuka kiunoni. Lile shati jeupe lilikuwa ndani ya beseni. Mama yake alikuwa amepiga magoti akiupapasa ule mkono. Mwanamke mwembamba, pini za kushonea bado ziko mdomoni. Alipowaona alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kifua cha gauni, akaja mlangoni.

"Shikamoo, Mama," Pua alisema.

Mama hakuitikia. Alikuwa anamtazama mzee.

Baba alisema. Hakuzunguka, hakupamba. Safu ya nne. Kabari nne. Mkono wangu. Mume wako alinionya. Mume wako hakukosea. Maneno yalikuwa machache kiasi kwamba Pua alishangaa jinsi vitu vidogo namna ile vilivyoweza kuzikwa muda mrefu namna ile.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu aliyezungusha cherehani ya mkono maisha yake yote, na kichwa cha mzee kiligeuka mpaka begani.

"Hilo la mume wangu," alisema.

Akampiga la pili, shavu la upande wa pili.

"Na hilo la mwanao mwenyewe. Ulimzika mtoto ukamfukia na uongo juu. Hata yeye hukumwambia ukweli."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yanamfuata mikunjo ya uso. "Niambie la kufanya," alisema. "Lolote."

"Una gari?"

"Ninalo. Liko ghalani."

"Basi kimbia kalilete. Mwanangu anakwenda hospitali. Ukishatufikisha, utarudi usimame kwenye karakana zote za mtaa huu, moja moja, useme hayo uliyosema hapa. Mpaka wa mwisho. Kimbia."

Na mzee yule, ambaye ghalani watu walinyanyuka akipita, aligeuka akakimbia barabarani, viatu vimejaa mvinyo, vikilia kila hatua.

Mama alimgeukia Pua. Alimtazama ile nyusi, lile gauni linalonuka spiriti, ile mikono.

"Wewe ndiye Pua ambaye mwanangu ananiimbia habari zako kila siku?"

"Ndiye mimi, Mama. Kama utanifukuza, nitaelewa."

"Nikufukuze halafu nani atanishikia mkono huu niufunge?" Alikuwa ameshachukua vipande viwili vya ubao na kitambaa kirefu. "Ingia. Kaa mbele yake. Itamuuma."

Pua aliingia. Alipiga magoti mbele ya Fundi, magoti yao yakagusana. Fundi alikuwa hajamtazama tangu ghalani.

"Ningemuua baba yako," alisema chini chini. "Uliniona. Na hukunizuia."

"Nilikuona. Sikukuzuia."

"Sasa tutaishije, mimi na wewe? Hebu niambie, tutaishije na hilo?"

"Sijui," Pua alisema. "Nitaishi hivyo hivyo bila kujua. Ila nitaishi na wewe."

Fundi alimtazama. Akaegemeza paji la uso kwenye bega la Pua, mzigo wote, kama mtu aliyefika.

"Mshike vizuri," Mama alisema nyuma yao. Akaushika ule mkono kwa mikono miwili, akauvuta kuunyoosha.

Fundi alizama meno kwenye bega la Pua, akalia humo ndani. Pua alikikumbatia kichwa cha Fundi, akafumba macho. Bega hakuliondoa.